Plagi ya Sita

Bi Taratibu alijifunza ufundi akiwa mpika chai. Aliwapikia wapasua mbao miaka minne, na kila alipopeleka birika alisimama kidogo nyuma ya fundi wa misumeno ya injini, macho hayabanduki. Fundi yule alipolazwa hospitali, ikaonekana kwamba mpika chai ndiye anayejua kila skrubu inakaa wapi. Hakurudi jikoni tena. Sasa ana karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na jina la Taratibu alipewa na wateja wasio na subira.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wake wa kiume, mshona viatu, aliingia akisukuma pikipiki ndogo ya mtoto, ile ya kukimbizia kwenye vumbi. Nyuma yake alikuja bintiye wa miaka tisa, kofia ngumu kichwani, uso ameukunja.

"Dada, nimenyoosha mikono," alisema mdogo mtu. "Inawaka, inakwenda hatua chache, inazima. Hii ni plagi ya sita tangu mwezi uanze."

"Shikamoo shangazi," binti akadakia, "baba ndiye anayeiua."

"Marahaba, mama. Basi leo tutamkamata muuaji."

Alifungua plagi. Ilikuwa nyeusi tititi, imelowa oili. Akainusa.

"Unachanganya oili kiasi gani?"

"Vifuniko viwili kwa lita, kama alivyoniambia muuzaji." Akasita. "Halafu naongeza viwili vyangu. Injini yenyewe changa, nisije nikaichosha."

Injini ya namna hiyo hunywa oili iliyochanganywa humo humo kwenye petroli. Ikizidi haiungui yote. Inaganda kwenye plagi kama masizi, na cheche inakosa pa kurukia. Bi Taratibu alimwaga tangi zima. Akaosha sponji ya chujio la hewa kwa sabuni, akaianika. Akasugua plagi kwa brashi ya waya mpaka ikarudi rangi yake. Kisha akachukua bomba la sindano lisilo na sindano.

"Petroli lita moja, oili bomba hili mara tano. Si kwa jicho, na si kwa upendo."

Sponji ilipokauka walitoka hadi uwanja mtupu nyuma ya karakana. Injini iliwaka kwa teke la kwanza. Binti akaondoka, na baba yake akakimbia kando, mkono umeng'ang'ania kiti, "Polepole! Polepole!" Mizunguko minne ya mwendo wa konokono, injini ikakohoa, ikanyamaza.

Bi Taratibu akaelewa. Injini isiyoachwa ikapata moto haiwezi kuchoma masizi yake.

"Iachie," alisema.

"Ataanguka."

Dada akautazama mkono wa mdogo wake, uliopinda kidogo kwenye kiwiko. Jinsi ulivyovunjika hawakuwahi kuzungumza.

"Siku ile ya baiskeli, kule mteremkoni, mimi ndiye niliyeachia. Sikuteleza, ingawa ndivyo nilivyomwambia mama. Niliachia."

Mdogo wake akaanza kucheka taratibu.

"Nilijua. Nilikuwa nimekwambia uachie, umesahau? Kabla ya lile shimo, dada, nilikuwa napaa. Sijaenda kasi vile tena maishani."

Miaka thelathini na tano Bi Taratibu alikuwa amebeba mzigo ambao mdogo wake hakumtwika.

Walisafisha plagi tena. Safari hii baba alibaki kando, roho mkononi, na binti akaondoka peke yake. Mzunguko wa pili moshi ulipungua. Wa tatu mlio ukawa mwembamba na safi, na pikipiki ikachomoka. Kwenye kona ya mbali ilimponyoka, akabwagwa kwenye vumbi. Baba akaruka, dada akamshika shati.

"Ngoja."

Binti akainuka, akajipangusa magoti, akaisimamisha pikipiki na kuipiga teke. Ikawaka.

Binti alipotosheka, plagi ilifunguliwa. Ilikuwa kavu, ya kahawia, bila masizi. Baba aliigeuza kiganjani mara kadhaa, akaomba bomba moja la sindano aende nalo nyumbani.

"Shangazi," binti aliuliza huku akivua kofia, "kesho unafungua saa ngapi?"

"Kesho napumzika," alijibu Bi Taratibu. Akamtazama yule mtoto, nywele zimejaa vumbi. "Njooni saa tatu."