Wasomaji Mia Nne, Wanaume Watupu

Loisi Namwinga aliomba kompyuta kwa miaka kumi na mmoja. Aliomba kwa barua, kila mwezi wa saba, kwa mwandiko uliolala kidogo upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Nakala za barua hizo alizitunza kwenye faili, na faili akalipa namba, kwa kuwa alikuwa mkutubi na hakujua namna nyingine ya kusubiri.

Maktaba yake iko Tunduma, katika jengo lililokuwa ghala la mahindi, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Alianza kazi hapo akiwa mfagiaji. Baada ya mwaka mmoja mkutubi wa zamani aligundua kwamba vitabu alivyovifuta vumbi Loisi vilirudi kwenye rafu kwa mpangilio sahihi, na vile alivyovirudisha yeye mwenyewe havikurudi hivyo. Akamfundisha kuandika kadi za katalogi. Alipostaafu alimwachia funguo, droo kumi na nane za kadi, na kiti kilichohitaji kuegemezwa ukutani. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Tangu hapo kila kitabu kilichoingia kilipita mkononi mwa Loisi: kadi moja ya jina la mwandishi, moja ya jina la kitabu, moja ya mada. Katikati ya kadi hizo aliolewa na Hezron, mkulima wa kahawa wa Itaka, akamzaa Gibson, akaendelea kuandika.

Kompyuta aliitaka kwa sababu moja. Wasomaji wake walitoka mbali. Kuna mama alifunga safari kutoka Mbangala kufuata kitabu cha ufugaji wa nyuki, akafika, akaambiwa kimeazimwa. Akaja mwezi uliofuata, kimeazimwa tena na mtu mwingine. Mara ya tatu hakulalamika. Alikaa kwenye benchi, akapumzika, akashukuru, akaondoka. Loisi aliona afadhali angelalamika. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuna programu za maktaba ambazo mtu anaweza kuziuliza kwa simu kama kitabu kipo, kabla hajapanda gari.

Mwaka huu kompyuta zilikuja, tatu, pamoja na programu yake, kutoka kwa shirika moja la kusaidia maktaba. Zilikuja kwa majaribio ya miezi sita. Sharti lilikuwa mstari mmoja katika ukurasa wa nne wa mkataba: mwisho wa majaribio, wanawake wasipungue asilimia arobaini ya wanachama. Wakipungua, kompyuta zitahamishiwa maktaba nyingine. Loisi alisaini. Hakuwahi kuwahesabu wanawake wa maktaba yake, lakini alikuwa akiwaona, na kwa macho walimtosha.

Fundi wa programu aliitwa Ishaka. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye koti wakati wote, aliyesema "baridi hii si ya kibinadamu" kila asubuhi badala ya salamu. Yeye na Loisi walihamisha kadi zote kuziingiza kwenye kompyuta, Loisi akisoma, Ishaka akichapa. Walipofika kwenye kadi za wanachama hawakuona tatizo. Tatizo lilikuwepo. Kadi hizo hazikuwa na nafasi ya jinsia.

Aliyezibuni ni yule mkutubi wa zamani, naye alikuwa Mnamwanga kama Loisi. Kwa Wanamwanga jina lenyewe linasema. Kaka ni Simwinga, dada yake ni Namwinga. Kaka ni Simbeye, dada yake ni Nambeye. Kuandika "mwanamke" pembeni ya Namwinga kungekuwa sawa na kuandika "yanalowanisha" pembeni ya maji. Na wale wasomaji wasio Wanamwanga, Loisi aliwajua kwa sura.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, Loisi akiwa kwenye kikao, kompyuta ilimwonyesha Ishaka orodha ndefu ya majina, na juu yake maneno: *Huenda yameandikwa vibaya*. Chini kulikuwa na kitufe: *Sahihisha yote*. Ishaka aliisoma orodha, akatikisa kichwa kwa huruma, akabofya.

Jumanne asubuhi mwalimu mmoja wa kike alileta kitabu. Loisi akachapa jina lake. Kompyuta ikasema hakuna mtu kama huyo. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake.

"Baba Ishaka," Loisi akaita, "nimemtafuta Namwinga, simwoni."

"Yupo, mama. Nimemsahihisha."

"Umemsahihishaje?"

"Aliandikwa vibaya. Baba mtu Simwinga, kaka mtu Simwinga, yeye Namwinga. Nyumba moja, sanduku la posta moja! Nikasema hii ni lafudhi tu. Na wako wengi, mama. Kina Nambeye peke yao thelathini na tisa. Nimewanyoosha wote."

Loisi akaegemeza kiti ukutani, akakaa.

"Mimi naitwa nani?"

"Mama Gibson."

"Jina la ukoo."

Ishaka akatazama kitambulisho kilichobandikwa kifuani pa Loisi. Alikisoma, akakisoma tena.

"Ee Mola," akasema.

Wakatoa ripoti ili waone ukubwa wa jambo lenyewe. Wanachama: 400. Wanaume: 400. Wanawake: 0. Pale ambapo kadi haikutaja jinsia, programu ilijaza yenyewe, na ilikuwa imefundishwa kujaza "ME". Mwalimu akajisoma kwenye kioo cha kompyuta, akasema hana neno, ila angependa kujua kama mshahara nao utabadilika.

"Mkaguzi wa lile shirika anakuja lini?" Ishaka akauliza.

"Keshokutwa. Saa nne."

Ishaka akavua koti. Akafungua nakala ya akiba ya Jumapili, na kufikia adhuhuri kina Namwinga na kina Nambeye walikuwa wamerudi. Kisha akaiwekea programu kanuni: kila jina la ukoo linaloanza na *Na* lihesabiwe la mwanamke. Waliobaki Loisi aliwataja mmoja mmoja, macho ameyafumba, na Ishaka akajaza. Lwitiko, mwanamume. Ikupa, mwanamke. Amoni, mwanamume, mrefu, ingawa urefu haukuulizwa. Madereva wa malori walikuwa wengi kuliko alivyokumbuka. Watu hukaa foleni siku nne, siku tano, na simulizi za upelelezi zinakwenda vizuri na foleni.

Jioni ripoti ikatoka: wanawake mia moja sitini na wawili, asilimia arobaini nukta tano. Ishaka akapiga meza kwa furaha. Ili kujaribu kila kitu kabla ya ukaguzi, akatuma pia meseji za kuwakumbusha waliochelewesha vitabu.

Jumatano saa mbili asubuhi aliingia Yassir Nassoro, mwenye malori manne na sauti ya kuyatosha. Hakukaa. Aliweka simu juu ya meza.

"Mama Gibson, nisomee."

Loisi akasoma: *Ndugu Bi. Yassir Nassoro, unakumbushwa kurudisha kitabu ulichoazima.*

"Mimi nimekuwa Bi lini?"

"Baba Aziz, shikamoo."

"Marahaba, na usinibadilishie mada. Hii meseji imeingia simu ikiwa mkononi mwa dereva wangu. Kaisoma kwa sauti. Pakingi nzima sasa hivi inaniita Bi Yassir. Kuna mtu kaniuliza nimepika nini!"

Ishaka, kwenye kompyuta, alikuwa tayari amegundua. Nassoro huanza na *Na*. Walikuwepo kina Nassoro watatu, wote wanaume, wote wenye ndevu.

Akamvuta Loisi pembeni. "Mama, tukiwatoa hawa wanabaki wanawake mia moja hamsini na tisa. Ni thelathini na tisa na ushei. Tunakosa kwa mtu mmoja." Akashusha sauti. "Tuwaache hivyo hivyo mpaka kesho. Mkaguzi anatoka Dodoma. Nani atamjua Nassoro?"

"Namjua mimi," Loisi akasema.

Akawarudishia uanaume wao yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akakaa, akafikiri, akakumbuka kwamba yeye hana kadi. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kuazima. Kitabu alichokitaka alikisoma hapo hapo na kukirudisha kabla ya kufunga. Akajiandikisha. Wanawake wakawa mia moja sitini, lakini wanachama nao wakawa mia nne na mmoja. Kompyuta ikaonyesha 39.9.

"Mashine hii haina aibu," Ishaka akasema.

Yassir hakuwa ameondoka. Hakuna aliyekuwa amemwomba radhi. "Nifuteni," akasema. "Leo hii. Sitaki jina langu kwenye mashine yenu."

Ishaka akamtazama Loisi. Loisi hakuhitaji kukonyezwa. Hesabu alikuwa ameshaifanya. Mwanamume mmoja akitoka wanabaki mia nne, na wanawake mia moja sitini ni asilimia arobaini kamili. Mwenyewe ameomba, kwa mdomo wake, mbele ya shahidi. Lakini kanuni ya maktaba, ambayo Loisi aliiandika na kuibandika mlangoni, inasema mwanachama mwenye kitabu mkononi hafutwi.

"Kirudishe kitabu kwanza, Baba Aziz."

"Kiko nyumbani. Bushra hajakimaliza."

Loisi akainua kichwa. "Bushra ndiye anayesoma?"

"Sasa mimi nisome saa ngapi, nina malori manne? Yeye yuko dukani kwenye vitenge kutwa nzima. Mimi ndiye napita njia hii."

"Vitabu vyote hivi? Miaka minane?"

"Kwani ulidhani ni mimi?"

Loisi alidhani hivyo. Alikuwa akimheshimu Yassir kimyakimya kwa miaka minane, mtu wa malori aliyesoma kuhusu nyota, kilimo cha parachichi, historia ya reli, na lishe ya mama mjamzito. Alipoteza heshima hiyo yote pale pale, bila kuonyesha.

"Mwambie alete yeye," akasema. "Kesho asubuhi. Aje mwenyewe, nitamwandikia kadi yake. Sijazi kadi ya mtu asiyekuwepo."

"Na mimi?"

"Wewe umesema ufutwe."

Usiku ule Loisi aliyakunja magubiko ya plastiki ya kompyuta, yale zilizokuja nayo, akayaweka juu ya kabati, mahali atakapoyafikia haraka ikibidi.

Alhamisi saa tatu na nusu Bushra aliingia, kitabu kimefungwa kwa karatasi ya kitenge kipya, mumewe nyuma yake. Alisimama mlangoni kwa muda akiangalia urefu wa chumba.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema.

"Hujawahi kufika, Mama Aziz?"

"Nifike saa ngapi na duka? Huyu nikimtuma hachagui. Anachukua kilicho karibu na mlango. Nimeisoma maktaba yenu kutoka mlangoni kuja ndani. Nimefika rafu ya tatu."

"Hukuniambia unataka kipi," Yassir akasema.

"Hukuniuliza."

Kitabu kikapokelewa. Jina la Yassir likatoka, la Bushra likaingia, na Ishaka alipobofya ilisoma 40.1. Hakuna aliyeshangilia. Bushra alikuwa tayari ameshaipita rafu ya tatu bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja hadi mwisho wa chumba.

Mkaguzi aliingia saa nne kamili. Aliitwa Fauzia, mwanamke mfupi mwenye bahasha kubwa na kalamu mbili. Aliangalia kompyuta, akaangalia kadi, akatafuta vitabu vitano kwa mpigo, na vyote vitano akavikuta mahali alipoambiwa kuwa vipo. Akafika kwenye ripoti.

"Arobaini nukta moja," akasoma. "Mmefika kwa kuchechemea."

"Tumefika," Ishaka akasema.

Fauzia akachukua kalamu. Kisha akamwona Yassir. Alikuwa amekaa kwenye benchi kwa nusu saa, mikono magotini, akimtazama mke wake anavyotoa kitabu, anasoma ukurasa, anakirudisha, anatoa kingine. Fomu ya kujiunga ilikuwa pajani pake, imejazwa.

"Huyu baba anasubiri nini?"

"Anasubiri kuwa mwanachama," Loisi akasema.

"Mbona hujamwandikia?"

Ishaka akaanza kukohoa. Alikohoa kwa bidii, kwa muda mrefu kuliko baridi ya Tunduma inavyodai.

"Nasubiri usaini kwanza," Loisi akasema. "Ni mwanamume. Anaishusha asilimia."

Kalamu ikabaki hewani. Yassir akakunja fomu yake mara mbili. "Hata kesho nitakuja, Mama Gibson," akasema kwa sauti ndogo ambayo wengi pakingi wangeapa kwamba hana. "Si lazima leo."

"Mwandikie sasa," Fauzia akasema.

"Mkaguzi..."

"Nataka kuona itasemaje. Sitii saini ripoti iliyomwacha mtu benchi."

Loisi akaipokea fomu, akainyoosha mikunjo, akamsomea Ishaka jina. Ishaka akachapa kwa vidole vilivyosahau kazi. Wote wanne wakainama kwenye kioo. Kompyuta ikafikiri, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha ikaandika 40.0.

Fauzia akatoa simu, akapiga hesabu mwenyewe, kwa kuwa hakuiamini mashine inayoandika sifuri. Akairudia. "Arobaini na ushei kidogo sana," akasema. Akasaini, akapiga tarehe, akamgeukia Yassir. "Hongera. Ungekuja na ndugu yako, ningezibeba kompyuta hizi."

Yassir akauliza anaweza kuchukua kipi. Aliuliza kwa adabu, kama mgeni, mkono tayari umeelekea rafu ya mlangoni.

"Hicho nimeshakisoma," Bushra akasema kutoka mwisho wa chumba. "Njoo huku."