Kitambaa cha Mama na Programu Iliyokataa Linux

Nilipofuta Windows kwenye laptopu yangu na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta usiolipiwa, fundi wa kompyuta aliye chini ya ngazi zetu alinitazama kama mtu aliyeuza shamba la baba yake. Alikuwa ameshanipa ushauri: laptopu imezeeka, Windows mpya haitaingia, nunua nyingine. Mimi si mtu wa kununua nyingine wakati iliyopo bado inawaka. Nilitazama video kwenye simu, nikaweka Linux kwenye flashi, nikavuta pumzi, nikabonyeza. Ikaingia. Laptopu iliyokuwa ikinipa muda wa kuchemsha chai kabla haijafunguka, sasa ilifunguka kabla sijavua sweta. Nilishuka nayo nikamwonyesha fundi.

"Sawa madam," alisema akiigeuza huku na huku. "Na ile software yako ya embroidery?"

Nilimwambia hiyo ni kazi ndogo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na wakati huo niliamini hivyo.

Nina chumba kimoja Nakuru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ndani yake kuna mashine ya kudarizi. Nashona nembo za sweta za shule, majina kwenye ovaroli za watu wa gereji, na kofia za madereva wa malori wanaolala Salgaa, ambao wakitaka kofia hutaka iandikwe jina la binti zao. Mashine niliinunua kwa mwanamke aliyekuwa akihama mji. Aliniuzia kila kitu kwa pamoja: mashine, nyuzi, programu ya kuchorea nembo, mafaili ya nembo zote alizowahi kushona, na ufunguo wa programu. Ufunguo huo ni kidude cha plastiki kinachotoshana na kidole gumba, na huchomekwa ubavuni mwa laptopu. Usipouchomeka, programu haifunguki. Na programu yenyewe iliundwa kwa ajili ya Windows, tena Windows za zamani.

Nilikuwa bado sijaanza kushughulika nayo mama aliponipigia simu kutoka Subukia.

Lazima nieleze jambo la mama. Yeye na baba walianza maisha kama wengi wa rika lao. Walipendana, wakakaa pamoja, mahari ikapelekwa polepole, watoto tukaja, lakini kanisani hawakwenda. Kanisa letu ni kali kwa hilo. Mwanamke ambaye hajafunga ndoa kanisani haingii kwenye kikundi cha akina mama, na asiye kwenye kikundi havai kitambaa. Ni kitambaa cheupe cha kichwani, chenye nembo kisogoni. Mwanamke huvishwa Jumapili mbele ya watu wote, na tangu siku hiyo hukaa viti vya mbele na wenzake. Mama amekaa viti vya nyuma tangu nikiwa mgongoni. Kila alipogusia habari ya ndoa, baba alisema harusi ni mambo ya vijana. Mwaka huu aliugua, akapona, na siku moja akiwa anakunywa uji akasema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba waende wafunge. Wakafunga siku ya katikati ya wiki, mbele ya mchungaji na sisi watoto. Nililia bila aibu yoyote, na kaka zangu pia, ingawa wao wanakana.

Kwa hiyo mama aliponipigia, sauti yake ilikuwa juu kidogo kuliko kawaida. Kuvishwa kungekuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa akiuliza nani atashona nembo kwenye vitambaa vipya, maana yule aliyekuwa akiwashonea alihama.

"Mwambie ni mimi," nilisema. "Nina mashine yake."

"Una hakika?"

"Mum, kwani unaongea na nani?"

Vitambaa vilifika na matatu ya Subukia vikiwa vimefungwa kwenye gazeti, kimoja kwa kila mwanamke, cha ziada hakuna. Nikatafuta kwenye yale mafaili niliyouziwa na nembo ya kanisa letu ilikuwepo, ikiwa na jina lake. Ila ilikuwa imehifadhiwa kwa namna ambayo ni ile programu moja tu duniani inayoweza kuifungua. Nikavuta kiti.

Kuna programu inaitwa Wine. Kazi yake ni kukaa katikati kama mkalimani, ili programu ya Windows idhani iko nyumbani kumbe iko kwa watu wa Linux. Nilikuwa nimeshaitumia kwa vitu vidogo na haikuwahi kuniangusha. Niliiwekea programu ya kudarizi, na programu ikajiweka vizuri kabisa, hadi picha yake ikatokea kwenye kioo. Nikaifungua. Maandishi yote yalikuwa vibox vitupu, kama fomu ambayo haijajazwa. Hilo nililimaliza kwa kuongeza herufi zilizokosekana. Nikaifungua tena, ikasomeka, ikaniambia nichomeke ufunguo. Ufunguo ulikuwa umechomekwa na taa yake inawaka. Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha. Ikasema nichomeke ufunguo.

Baada ya kusoma sana nilielewa shida iko wapi. Mkalimani anaweza kutafsiri maneno, lakini hawezi kumsalimia mgeni kwa niaba yako. Ule ufunguo ulitaka kuongea na Windows yenyewe ana kwa ana, kule chini kabisa ambako Wine haifiki.

Basi nikajaribu njia ya pili, ya kuwasha Windows nzima ndani ya Linux, kama kumkodishia mtu chumba ndani ya nyumba yako. Laptopu yangu haina nguvu ya kuishi na mpangaji. Ilianza kunguruma na kupata joto hadi nikaiwekea vitabu viwili chini ipate hewa. Windows ikawaka, na kwa dakika chache nikaiona picha ya programu ya kudarizi, ndogo, mbali, ikitokea kipande kwa kipande. Nilipomkabidhi mpangaji ule ufunguo kila kitu kikaganda. Hata mshale ulikataa kusogea. Nilitukana kwa lugha ambayo kina mama wa kikundi hawapaswi kuisikia, na mwenye duka la mbegu akaniuliza kutoka chini kama kuna mtu ameumia.

Nikameza kiburi, nikashuka kwa fundi na kidude mkononi. Yeye ana laptopu mpya, na Windows mpya. Nilijua atakavyotabasamu, na kweli alitabasamu.

"Si nilikushow, madam? Rudi tu Windows. Hii Linux ni ya watu wa campus."

Akachomeka. Akaweka programu. Programu ikafunguka kwenye Windows yake nzuri inayong'aa, ikasema nichomeke ufunguo.

Alijaribu tundu jingine. Akazima, akawasha. Akaingia mahali nisipopajua akazima ulinzi fulani, akaurudisha haraka. Tabasamu lilikuwa limeisha.

"Aki hii kitu ni ya kitambo sana," alisema mwishowe. "Hata Windows yenyewe imeikataa."

Nilipanda ngazi nikicheka peke yangu. Siku zote hizo nilidhani ni Linux inayoninyima nembo ya mama, kumbe ule ufunguo ulikuwa umeshafungiwa nje kila mahali, isipokuwa kwenye ile Windows kuukuu niliyoifuta bila kubakiza nakala. Nilikuwa nikibembeleza mlango ambao hata mwenye nyumba hangeweza kuufungua. Niliutia kwenye droo ya vifungo na nikaamua kuichora nembo upya, kwa programu ya kudarizi iliyotengenezwa kwa ajili ya Linux, ambayo nilikuwa nimeidharau kwa sababu ni ya bure.

Kwa kuchora upya nilihitaji nembo ya kuangalizia. Nikampigia mwenyekiti nikamwomba anitumie kitambaa chake kwa siku moja tu. Mwenyekiti ni mwanamke mpole kwa mambo mengine yote, lakini hapo alikataa kabisa. Kitambaa cha mwanamke hakiazimwi. Kikichakaa anakichoma mwenyewe, na akifa anazikwa nacho. Alichoweza ni kumwambia mjukuu ampige picha kisogoni, na picha ikaja kwenye simu yangu ikiwa na mikunjo, kivuli, na kitu ambacho kingeweza kuwa taa au birika.

Nilimpigia mama, si kwa kuomba msaada bali kwa kulalamika. Tulikuwa tunaongea lugha ya nyumbani, naandika hapa kwa Kiswahili.

"Ni taa," alisema. "Imezungukwa na matawi ya kahawa. La kushoto limepanda juu kuliko la kulia. La kulia limeinama kidogo, kama limebeba sana."

Nikaacha kulalamika, nikashika kalamu.

"Buni ni nyekundu, lakini zile za chini kabisa ni za kijani, hazijaiva. Mwali wa taa umeegemea upande wa tawi refu. Na mshono wa majani haulali, unatoka katikati kwenda pembeni, kama jani lenyewe."

"Mum, umejuaje hayo yote?"

"Nimekaa nyuma yao miaka yote hiyo. Ulidhani nilikuwa naangalia nini?"

Nikajifanya natafuta karatasi.

Nilichora siku ile na iliyofuata, simu ikiwa sikioni. Programu hii ya Linux haina mapambo. Unachora umbo, unaiambia mshono uelekee wapi na uwe mzito kiasi gani, na ukikosea inashona kosa lako bila kukuuliza. Niliipenda. Ilikuwa inanisikiliza mimi, haikuwa ikingoja ruhusa ya plastiki.

Nembo ilipokamilika niliipeleka kwenye mashine kwa flashi, nikafunga kipande cha shuka kuukuu cha majaribio, nikapanga nyuzi kwa mpangilio niliouzoea tangu zamani, nikawasha na kwenda kuosha vikombe. Niliporudi nilikuta taa yenye mwali wa kijani, na buni za bluu iliyokuwa ya taa. Faili linaloingia kwenye mashine halibebi rangi. Linabeba tu amri ya kusimama ili ubadilishe uzi. Ile programu ya zamani ilikuwa na desturi yake ya kutanguliza majani, na mikono yangu ilikuwa imeikariri. Mimi nilikuwa nimechora taa kwanza. Nilimtumia mama picha ya kile kituko. Alicheka hadi nikamsikia baba akiuliza nini kimetokea.

Nikabadilisha nyuzi, nikashona kipande kingine cha shuka, nikakipiga picha mchana kweupe dirishani na kumtumia mama. Aliikagua.

"Tawi la kulia," alisema. "Liinamishe kidogo zaidi."

Nikaliinamisha. Kisha nikachukua kitambaa cha kwanza cheupe, nikakikaza kwenye fremu, na safari hii sikwenda kuosha kitu. Nilisimama pale nikiangalia sindano ikipanda na kushuka hadi buni ya mwisho. Ilitoka safi. Nikashona vyote vilivyobaki siku hiyohiyo na havikuwa na kasoro hata kimoja, na nasema hivyo bila kujinyenyekeza. Fundi alipanda kuviona. Alikipapasa kimoja kwa kidole, akauliza ile programu inaitwaje.

Jumapili walivishwa. Mwenyekiti alikifunga kitambaa kichwani mwa mama, akakivuta nyuma kikae sawa, na akainama kuiangalia nembo kwa karibu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akampeleka mama kwa mkono hadi kiti cha mbele. Baba alikuwa amekaa upande wa wanaume, koti limefungwa vifungo vyote, akijipangusa macho kwa kofia. Mimi nilipiga picha nyingi na zote zimetikisika.

Jumatatu asubuhi nilimpigia mama simu kumuuliza ameamkaje. Alisema ameamka vizuri, ila ng'ombe amekataa kutoa maziwa.

"Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Hajanitambua."

"Kwa nini asikutambue?"

Mama akahamia habari za kuku.

"Mum," nikasema, "usiniambie umeingia zizini na kitambaa cha kanisa."

"Alinitazama, akarudi nyuma, akapiga ndoo teke."

"Na ukafanya nini?"

"Nimekaa hapa namngoja. Atazoea," mama alisema. "Mimi sikivui."