Vidonge vya Jovitha Vilimezwa na Mumewe

Saa tatu asubuhi, kahawa inaanikwa kwenye mikeka uani kwa Protase, jirani na misheni ya Kashozi. Ephrasia, mhudumu wa zahanati, amesimama mlangoni na pakiti ya vidonge vya kuongeza damu. Protase ananyoosha mkono apokee. Ephrasia hampi.

"Vya mkeo hivi, Tata Protase."

"Mke ni wa nani? Na nyumba ni ya nani?"

Immakulata, mke mwenyewe, ana mimba kubwa na midomo imempauka. Anageuza kahawa.

Ephrasia, mzaliwa wa Muleba aliyeolewa huku, anatimiza miaka sita mwaka huu wa 1955 akizunguka vibanjani, kwenye mashamba ya migomba ya watu, kuwagawia wajawazito vidonge. Mshahara wake haununui hata viatu, anatembea peku. Mjini Bukoba mabwana wa Kiingereza wanasema wanawake wa Kihaya hawataki dawa. Ephrasia akisikia hayo anasonya.

"Hawataki? Hivyo vidonge wamevionea wapi?"

Huku, kitu kikiletwa nyumbani hupokelewa na mwenye mji, yaani baba wa nyumba. Ukimpita mume ukampa mke, umemtukana. Kwa hiyo mwaka juzi, Protase alipokuwa na mke wake wa kwanza, Jovitha, Ephrasia alishika adabu: alipiga goti, akamkabidhi mume vidonge. Protase kusikia vinaongeza damu, akavimeza mwenyewe msimu mzima wa kuchuma kahawa.

"Mwenye kazi ngumu nilikuwa mimi," anajitetea mpaka leo, wala haoni haya.

Jovitha alijifungua, damu ikatoka, haikukatika. Alizikwa pamoja na mtoto wake.

"Adabu yangu ndiyo iliyomzika," anasema Ephrasia. "Mimi nimepiga goti, mwenzangu amekufa. Inaniuma, jamani, inaniuma!"

Ndiyo maana leo haiachii pakiti. Anamsogelea Protase, anamwambia taratibu kwamba vidonge vya safari hii ni vipya, vya kike kabisa. Mwanamume akivimeza anaota matiti.

Protase anaurudisha mkono haraka. Anajipapasa kifua, kisha anaondoka zake migombani.

Immakulata anameza cha kwanza papo hapo, kwa maji ya kibuyu, huku Ephrasia akimtazama koo.

Habari ya matiti ni uongo mtupu, na Ephrasia haufichi.

"Jumamosi nitaungama Kashozi," anasema akishika njia. "Padri atanipa malipizi, nitayatimiza. Jumatatu nina wajawazito kule Ijuganyondo, na waume zao nitawaambia hivyo hivyo."