Siku Shakwe Walipotua Ngerengere

Nyie aibu yangu mnaijua ile nusu ya kuchekesha, maana mmeiimba ngomani hadi vikongwe wakaikariri, basi leo nawapa na nusu ya pili, na hiyo sitaki mtu aicheke.

Enzi hizo za Wajerumani, shemeji yangu Mloka, mtoto pekee wa kiume wa mama mkwe, alikuwa amekamatwa kupelekwa kujenga reli, na wengi waliochukuliwa kabla yake hawakurudi. Mvua zilipofurisha Mto Ngerengere wakaja shakwe, wale ndege wa baharini wanaotoka mbali kila mwaka, wakawa wanajilia vidagaa kwenye maji yaliyotuama. Akawafuata Mjerumani mmoja mwenye sanduku la kupigia picha, sisi tukimwita Bwana Miwani. Nikamwombea Mloka, akasema, "Nisaidie nipate picha ya ndege hawa wakila, mimi nitasema na mkubwa wa reli."

Basi mimi, kwa kutaka nionekane mtu, nikaacha kaniki yangu nyeusi nyumbani nikajifunga shuka jeupe la harusi (ndani sina kitu, nani angejua?). Kufika majini Bwana akanitazama. "Nyeupe inafukuza ndege. Vua." Nikavua, nikaliacha ukingoni, nikaingia maji ya magotini kushikilia miguu mitatu ya sanduku isizame kwenye tope, Bwana naye kajifunika kichwa kitambaa cheusi, shakwe wanasogea, wanasogea, hata midomo yao naiona ikidona maji, moyo unanidunda kwa furaha, nasema Mloka huyo anarudi.

Mara nikasikia mwanamke anakohoa ukingoni. Mama mkwe! Kaleta kikapu cha ndizi kumshukuru Bwana mapema. Na mnajua kwetu mkwe hata usoni humtazami, sembuse kusimama mbele yake kama ulivyozaliwa. Nikaachia ile miguu, nikanyakua kitambaa kichwani mwa Bwana nijisitiri (kwa nini sikuchutama tu majini? Najiuliza mpaka leo). Sanduku likaenda chubwi! Shakwe wakaruka wote, hakubaki hata mmoja.

Bwana hakunipiga. Alilitoa sanduku linachuruzika tope, akalitazama, akasema, "Basi," akaondoka zake. Nilitamani angenipiga.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Reli ikasonga mbele na Mloka akasonga nayo, hatukumwona tena. Tulipoweka matanga yake bila maiti, mama mkwe, ambaye miaka yote akitaka kuniambia neno humtuma binti yake, alikuja mwenyewe akasimama mbele yangu.

"Ningefumba macho, baba," akaniambia. "Ningefumba tu macho."

Tangu siku ile nikipewa kitu nikishike, nashika, apite mkwe, apite nani, siachii. Ila sijapewa tena kitu kikubwa kama kile.