Moto wa Mama Kwenye Barafu

Nimewahi kukaa msiba peke yangu juu ya barafu, na mashine ikaunusa.

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Nduwayezu, wa Rungwe Mpya, Kasulu. Masomo yalinifikisha karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye kituo cha kupima hewa. Nilitunza mashine inayovuta hewa ya nje na kuhesabu chembe za moshi na vumbi ambazo jicho halizioni.

Hewa ya kule ni safi mno. Washa sigara moja tu upande unakotoka upepo, mashine inakuumbua.

Kwa hiyo moto ulikuwa marufuku.

Nyumbani, mama alichemsha mawese kwenye kijumba kisicho na dirisha. Kikohozi chake nilishakizoea kama salamu.

"Mwana wanje," alinitania kwenye simu kwa Kiha, yaani mwanangu, "unapima hewa ya mahali pasipo na watu. Hii ya jikoni kwangu atapima nani?"

"Nikija, mama, natoboa dirisha."

"Haya, bwana mkubwa. Ukuta unakusubiri."

Ukaingia msimu wa giza. Jua halichomozi, ndege hazitui. Dada yangu Aline akapiga simu kutoka hospitali ya Kabanga, analia.

"Kaka, mama ametutoka. Mapafu. Alisema kwenye msiba wake..."

Mtandao ukakata. Nikapiga, nikapiga. Wapi!

Kwetu msiba ni moto uani. Watu wanauzunguka, wanamsimulia marehemu mpaka wanacheka huku machozi yanatoka. Na anayeukoka ni mtoto wa kwanza wa kiume.

Yaani mimi.

Nikamwendea mkuu wa kituo. "Naomba niwashe moto. Mdogo tu."

"Pole sana, Nduwayezu. Lakini vipimo vyetu vitaharibika. Ukiwasha, umejifukuza kazi."

Pole yake niliipokea. Katazo nikamwachia mezani.

Nikavunja sanduku la mbao, nikakoka moto kwenye theluji, nikaanza kumsimulia mama. Nani wa kuitikia? Upepo ukageuka, ukausukuma moshi moja kwa moja hadi kwenye bomba la mashine. Kwenye skrini, mstari uliolala msimu mzima ukasimama wima.

Mtandao uliporudi, mimi na Aline tulikuwa tunalia tu, maneno hayatoki.

Ndege ya kwanza ikanirudisha. Sikuinamisha kichwa. Kazi imekwenda, sawa, lakini mama yangu nimemlilia kama inavyopasa.

Nilipofika nikamwuliza Aline, "Moto wa msiba aliukoka nani?"



"Hatukuwasha, kaka. Ndicho nilichokuwa nakwambia simu ikakata. Mama alikataza. Alisema moshi umemtosha."



Moto pekee wa msiba wake niliuwasha mimi.

Nikachukua sururu, nikatoboa dirisha jikoni kwake. Mwanga ukaingia mpaka kwenye mafiga. Hakuna anayepika humo sasa.

Wewe unayesoma hapa, kama mama yako bado anakohoa jikoni, weka simu chini.

Kachukue sururu.