Mzee Muhirwa Awaomba Radhi Ng'ombe wa Isingiro

Mzee Muhirwa alikuwa amekwisha kuota mvi alipochemsha maziwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, tena akiwa amefumba macho. Ilikuwa mwaka 2009, katika hoteli ndogo ya chai ya mama mmoja aitwaye Afsa, mtaani Nyamityobora, mjini Mbarara. Maziwa yalifurika, yakazima mkaa wa sigiri, na moshi ukawatoa wateja nje wakiwa na vikombe vitupu mikononi.

Ili kumwelewa ni lazima tuanze na ng'ombe. Muhirwa alizaliwa katika milima ya Kivu ya Kusini, nchini Kongo, katika jamii ya wafugaji, na waliomlea walimfundisha kwamba maziwa hayatiwi motoni. Anayeyachemsha humchoma ng'ombe aliyeyatoa. Moto huingia kwenye maziwa, ukarudi kwa njia yaliyojia hadi kwenye chuchu, hata kama ng'ombe mwenyewe yuko malishoni ng'ambo ya mlima. Kwao maziwa yalinywewa mabichi, au yakiwa yameganda kwenye kibuyu, na hakuna aliyelalamika.

Vita vilimnyang'anya kundi lote. Alifika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na mkewe Mukarukundo, wakapewa kiwanja upande wa Rubondo. Mukarukundo alishika jembe tangu siku ya kwanza. Muhirwa alishika kigoda. Kila jioni alisimama, akapiga mluzi, akafungua mwanya wa ua ili ng'ombe wasiokuwepo waingie, kisha akaufunga. Mwanzoni majirani walimhurumia. Baadaye wakaanza kupisha njia ikifika saa hiyo.

"Papa Umwiza," Mukarukundo alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yao, "ile mangombe yako inanikanyangia maharagi."

"Inapitaka pembeni," Muhirwa alijibu kwa upole.

"Basi uipeleke malisho ya mbali. Ku Mbarara kuko mama anatafuta mutu mwenye anajua maziwa. Nilisikia ku kanisa."

Mukarukundo hakuwa na wasiwasi na maharagwe. Alikuwa amewaona wafugaji wengine wa Rubondo wakikaa kwenye vigoda hadi miguu ikasahau kazi yake. Alitaka mumewe apate kitu cha kumwamsha asubuhi, na katika miaka yote waliyokaa kambini, kitu hicho kilikuwa kimetokea mara hiyo moja tu.

Afsa alimpokea mlangoni mwa hoteli.

"Mzee, wewe najua maziwa?"

"Mama, mimi nilizaliwa mu maziwa."

"Kumbe! Basi sigiri ile, sufuria ile. Pika."

Muhirwa alitazama nyuma ya mlango, kisha akaenda kuchungulia uani. "Ngombe iko wapi?"

"Ng'ombe atafanya nini hotelini? Anataka chapati?"

Ndipo yakatokea yale ya kufumba macho na moshi. Moshi ulipoisha, Afsa alimnyooshea mwiko. "Mpaka Ijumaa, ssebo. Ukiharibu tena, unarudi kambi."

Usiku huo Muhirwa hakuogopa kufukuzwa, bali aliogopa kurudi kwenye kigoda. Akakumbuka kwamba kwao, mtu akimkosea ng'ombe, hakimbii. Humwendea, akamsemesha kwa maneno mazuri, na ng'ombe akasahau. Kulipokucha alimngoja Edirisa, kijana aliyeleta maziwa kwa pikipiki.

"Edirisa, hii maziwa ni ya ngombe gani?"

"Ya ng'ombe."

"Jina yake?"

"Jina yake Ng'ombe, mzee. Mimi nachota kwa tangi. Isingiro yote namwaga pale, nachanganyika."

Muhirwa alikaa chini. Alikuwa na deni la radhi kwa wilaya nzima. Hata hivyo alikuwa mtu wa adabu, na adabu haitazami wingi wa watu wala wa ng'ombe. Akavua kofia, akageukia upande wa Isingiro, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa upande wa choo cha jirani, akasema kwa sauti:

"Bamama ba pembe ndefu, mutusamehe. Moto ni ya Afsa, mukono ni yangu, njaa ni ya hawa batu. Hakuna mwenye iko na ubaya."

"Mzee, wateja nangoja!" alifoka Afsa.

"Hata ngombe inangoja, mama."

Kisha akachemsha macho yakiwa wazi, na chai ikatoka nzuri. Ijumaa ilipita bila mtu kuitaja. Wateja waliocheka wiki ya kwanza walizoea wiki ya pili, na kufikia mwezi wa tatu walikuwa wakivua kofia pamoja naye. Muhammed, muuza nyama wa jirani, alisimama mbele kila asubuhi ameinamisha kichwa, aproni yake ina damu.

"Mzee, na mimi niombee," alinong'ona siku moja. "Mimi nawafanyia mbaya zaidi."

"Yako ni kubwa, mwanangu. Inaomba uende mwenyewe."

Mambo yalikwenda hivyo hadi kiangazi kilichofuata. Asubuhi moja Edirisa alifika na makopo matupu. "Karantini," alisema. "Ng'ombe wa Isingiro wanaumwa. Midomo vidonda, kwato vidonda. Kama wamekanyaga moto, wallahi."

Muhirwa aliujua ugonjwa huo tangu utotoni, hata jina lake. Lakini kwao uliingia kundi la mtu mmoja, ukatoka. Hakuwahi kusikia ukishika wilaya nzima kwa pamoja, na yeye alimfahamu mtu mmoja tu aliyetia motoni maziwa ya wilaya nzima. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akamkabidhi Afsa.

"Mama, mimi minaacha kazi. Naenda kujitoa ku polisi."

"Umeiba nini?"

"Nilichoma Isingiro."

Alifuata barabara ya Isingiro, ile ya kurudi Nakivale, hadi kwenye kizuizi, ambapo askari na daktari wa mifugo walikuwa wakisimamisha magari na kuwakanyagisha watu kwenye karai la dawa. Muhirwa alikanyaga dawa kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, ndipo akasema.

"Afande, ni mimi nilichoma hizi ngombe."

Askari aliinua kichwa. "Ngapi?"

"Zote. Nilizichanganya mu sufuria moja."

"Ulitumia petroli?"

"Hapana. Sigiri."

"Sigiri iko wapi?"

"Nyamityobora."

Askari aliitazama barabara ya Mbarara kwa muda, kama mtu anayepima urefu wa miali ya sigiri. Kisha akaita, "Dokta! Ile chanzo ya ugonjwa ulikuwa unatafuta, imekuja yenyewe."

Daktari wa mifugo alimsikiliza Muhirwa hadi mwisho. Hakucheka, maana alikuwa amesimama juani tangu alfajiri na hakuwa na nguvu ya kucheka.

"Mzee," alisema, "bibi yangu pia alikataza kuchemsha. Sisi Wanyankore, watu wa huku Ankole, tulikuwa hivyo hivyo. Lakini mimi nimekunywa chai ya maziwa tangu shule ya msingi. Kama moto ungepita huko, ningekuwa nimechoma Ankole yote kabla wewe hujafika."

"Basi tuko wawili," alisema Muhirwa, uso wake ukanawiri kwa kupata mshirika.

"Na mimi nakunywa asubuhi na jioni," askari akakiri.

Dereva wa lori la ndizi alichungulia dirishani. "Na mimi. Lakini yangu na tangawizi."

Abiria wawili waliokuwa juu ya ndizi nao wakainua mikono. Muhirwa aliwahesabia wote makosa yao kwa macho, kisha akamgeukia askari. "Afande, sasa munatufunga sisi wote?"

Askari alifikiri. "Gari yetu iko ndogo," alisema, na kwa uamuzi huo kesi ikafungwa.

Sasa njia ilikuwa wazi hadi Rubondo na kigoda chake, lakini Muhirwa hakuendelea. Alisimama kando ya karai akiwaza, na mawazo yake yalikuwa haya: ikiwa kila mtu barabarani anachemsha, basi moto umegawanywa kwa watu wengi mno. Fungu lake yeye halingeweza kuunguza hata ukope wa ndama. Na fungu dogo namna hiyo mtu anaweza kulibeba hadi Nyamityobora, tena kwa miguu. Akageuka.

Hotelini alikuta wateja wamekaa na Afsa amekasirika. Afsa alikuwa amenunua kopo la maziwa ya unga na kuwapikia chai mwenyewe. Vikombe vilikuwa vimejaa mbele yao, vimepoa.

"Wanakataa!" alimwambia Muhirwa. "Ati haijaombewa radhi! Mimi nimeomba, kwa Kiganda, kwa Kiarabu, bado wanakataa!"

"Haikuwa na moyo," alisema Muhammed muuza nyama.

Afsa alimtupia Muhirwa aproni. "Wewe kama hii unga unaiweza, kaa. Kama huiwezi, nafunga hoteli, wote mwende."

Muhirwa alilichukua lile kopo la unga, akaligeuza. Pembeni palikuwa na picha ya ng'ombe mnene, mweusi na mweupe. Akatafuta pembe zake kwa kidole, hakuzipata.

"Edirisa, huyu ni wa wapi?" alimuuliza yule kijana wa pikipiki, ambaye karantini ilimwacha amekaa na wateja.

"Ulaya, mzee. Analala ndani ya nyumba. Mashine nakamua."

"Na pembe?"

"Walikata."

Muhirwa alimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Huyu alikuwa amekwisha kuchomwa, kukaushwa, kusagwa na kutiwa kwenye kopo, mbali na kwao, na sasa alikuwa juu ya meza Nyamityobora. Radhi ilikuwa imechelewa. Muhirwa akavua kofia na kuliinamia kopo.

"Pole, mama," alisema. "Pole sana. Minajua ni mbali."

Akatia unga katika maji ya moto, akakoroga. Hakuwa na ujuzi wa unga, chai ikatoka na madonge makubwa kama maharagwe. Muhammed alikunywa wa kwanza, akatafuna, akatikisa kichwa kukubali. Wengine nao wakainua vikombe.

Afsa alionja, akatema donge kiganjani, akalitazama.

"Mzee," alisema, "kesho punguza pole, ongeza kukoroga."