Solda Ilipokuwa Bado na Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilirushwa ukutani na amplifaya iliyokuwa imechomolewa tangu jana yake. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, kichwa kimefura kwa elimu kuliko nundu ya ngamia. Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Garissa, mtu wa bara asiyejua kucheka, aliniinamia.

"Kijana, umekufa?"

"Bado, bwana."

"Basi sikiliza. Hii ni kapasita, tangi la umeme. Ukichomoa waya, tangi halijamwagika. Unalimwaga wewe kwa rizista, mfereji wake mwembamba, kisha unapima. Na mkono mmoja ukae nyuma, umeme usipite moyoni."

Baadaye nilihamishiwa Dadaab, chini ya Mkuu wa Mawasiliano, mzee wa kupiga saluti hata simu ikilia. Huko redio zilikuwa za transista, volti kumi na mbili, hata mbuzi angeziramba akaishi. Nikasahau kuogopa.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu hapa Garissa, rafiki yangu Adan alishuka kutoka Hadado na amplifaya ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Marehemu baba yake aliitumia kutangaza mnada wa mifugo. Ilikuwa nzito, wallahi, kama imemeza ndovu.

Nilichomoa vali zote za sauti, nikabadilisha kapasita kubwa, nikawasha nipime. Mita ikasema volti mia nne. Safi! Ghafla feni ya dari ikasimama.

"Stima imeenda," Adan akasema.

"Solda bado ina moto," nikasema, nikiinua chuma cha kuyeyushia risasi. "Haya. Tuwahi kuiunga kapasita ndogo mpya kabla solda haijapoa. Walaal, ndugu yangu, shika hapa."

Akaikamata bodi ya chuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akauingiza ndani, aushike mguu wa kapasita hiyo mpya. Ndipo nikaiona plagi: bado iko ukutani. Na tangi limejaa, maana nilizichomoa vali ambazo zingeunywa umeme ule. Kidole chake kilikuwa umbali wa punje ya mchele kutoka kwenye volti mia nne. Moyo wangu ulidunda hadi nikadhani Wajir wanausikia.

"Walaal, usitikisike."

"Kwa nini sauti yako iko hivyo? Ni nyoka?"

"Afadhali nyoka. Toa mkono wa kulia. Polepole. Juu, moja kwa moja."

"Kuna nini humo ndani?"

"Sema Bismillahi, utoe."

Midomo yake ikacheza. Mkono ukapanda, ukagusa waya mmoja, Mungu wangu, kumbe ule mkavu usio na umeme, ukatoka. Nikang'oa plagi. Niliposhikiza rizista, mita ilishuka taratibu: mia tatu, mia moja, kumi. Kabla haijafika sifuri, feni ikaanza kuzunguka tena.

Adan aliitazama feni, akaitazama plagi mkononi mwangu.

"Watoto wangu saba," akasema.

Nyinyi mnaoanza sasa, nimewaongopea mengi kwenye karatasi hii, ndovu na mbuzi, lakini si hili. Amplifaya ile inaimba leo Hadado. Mimi nimezigawa solda zangu zote. Wanaponiita niende kuisikiliza, nasema magoti yanauma. Magoti hayana neno. Ninachoogopa ni kukutana na wale watoto, wanishike mkono na kunishukuru.